Usitoke Kituoni Bila Nambari: Haki Yako ya Kujua Polisi Wameandika Nini

(Maandishi ya mazungumzo na vijana. Yahifadhi kwenye simu yako, mtumie na mwenzako.)



Vijana wenzangu, ndugu na dada zangu, leo nataka tuzungumze kuhusu kitabu. Si kitabu cha dini wala cha shule. Ni kile kitabu kikubwa kinachokaa pale kaunta ya kituo cha polisi, kitabu cha matukio, ambacho sote tunakiita OB. Wengi wenu mnakijua kwa sababu moja tu. Umepoteza kitambulisho, au simu imeibiwa kwenye matatu, ukaenda kituoni, afisa akaandika, akakupa nambari kwenye kikaratasi, ukaenda zako. Basi. Hapo ndipo ujuzi wetu unapoishia.

Sasa nikwambie. Kitabu hicho hicho ndicho kinachoweza kuamua kama ndugu yako atalala seli usiku mmoja au usiku nne. Na siku mambo yakiwa mabaya zaidi, ndicho kinachoweza kuamua kama ataonekana tena.

Sisi tuna mazoea yetu. Mtu akikamatwa, tunatafuta mtu. "Nani anamjua OCS?" "Mjomba wake fulani si aliwahi kuwa polisi?" "Mpigieni MCA." Usiku kucha simu zinapigwa, pesa zinachangwa, na asubuhi ukiiuliza familia: ameandikwa kituo gani? Nambari ya OB ni ngapi? Saa ngapi? Kwa kosa gani? Kimya. Hakuna aliyeuliza.

Ninachowaambia leo ni kimoja: kabla hujatafuta mtu, tafuta maandishi. Afisa mnayejuana naye akihamishwa, mjuano umehama naye. Maandishi yanabaki, na yanaweza kusomwa mbele ya hakimu.

Na sisi Waislamu jambo hili si geni kwetu. Aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani, iliyomo Suratul Baqara, ni aya ya deni. Inafundisha mkopo uandikwe, mwandishi aandike kwa uadilifu, na mashahidi wawepo. Hebu fikiria. Kama shilingi za watu zimepewa uzito huo, je, uhuru wa mtu? Je, uhai wake?

Saa iliyoandikwa ina maana gani

Kifungu cha 49 cha Katiba yetu ya 2010 kinasema aliyekamatwa aambiwe upesi, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa. Ana haki ya kunyamaza. Ana haki ya kuzungumza na wakili, na na watu wengine ambao msaada wao anauhitaji. Na ni lazima afikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, isizidi saa 24 tangu alipokamatwa. Saa 24 zikimalizikia nje ya saa za korti, au siku ambayo si ya korti, basi mwisho wake ni mwisho wa siku ya korti inayofuata.

Sasa tulia hapo kidogo, kwa sababu ndani ya sentensi hiyo ya mwisho kuna mlango.

Chukua mfano. Kijana amekamatwa Alhamisi saa tatu asubuhi. Saa 24 zake zinaisha Ijumaa saa tatu asubuhi, siku ya korti. Ijumaa hiyo awe mbele ya hakimu. Lakini kitabuni akaandikwa kwamba amekamatwa Alhamisi saa moja jioni. Saa 24 sasa zinaisha Ijumaa saa moja jioni. Korti imefungwa. Jumamosi imefungwa, Jumapili imefungwa. Kijana yule yule, kosa lile lile, anasubiri mpaka Jumatatu. Saa kumi zimeongezwa kwa kalamu, yeye amelala seli usiku tatu zaidi.

Ndiyo maana nasema uliza saa, uiandike, na uiulize mapema, wakati wino bado mbichi. Ukija kulalamika wiki ya pili ni neno lako dhidi ya kitabu. Ukiwa umepiga simu kituoni Alhamisi saa nne asubuhi, umetuma ujumbe kwa wakili saa nne na robo, na una mashahidi wawili waliomwona akipakiwa, kitabu nacho kitaulizwa maswali.

Na wale wanaotishwa na neno "ugaidi", sikilizeni vizuri. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 inawapa polisi njia ya kuomba muda zaidi wa kumshikilia mshukiwa. Kuomba. Wanaomba kwa nani? Kwa mahakama. Maana yake ni kwamba mtu huyo naye lazima afikishwe kortini, na ombi hilo lina nambari yake pale masjala ya korti. Usikubali kuambiwa, "Hii ni mambo ya ugaidi, hakuna cha saa 24." Kipo. Hakikufutwa.

Kituoni kuna maandishi gani

La kwanza ni OB. Kila lalamiko na kila anayekamatwa huandikwa, na kila tukio lina nambari, tarehe na saa. Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011 inawataka polisi waandike.

La pili ni rejista ya walio seli. Jedwali la Tano la sheria hiyo hiyo linataka iandikwe jina la aliyezuiliwa, sababu ya kukamatwa, tarehe na saa, nani alimkamata, lini alihojiwa na nani alimhoji, lini alifikishwa kortini, na akihamishwa, amehamishwa lini na wapi. Jedwali hilo hilo linataka kituo kiwe na afisa wa kaunta wa kuwapa familia, wakili na watu wa karibu habari za aliyekamatwa na mahali alipo. Kwa hiyo mama yako anaposimama pale kaunta kuuliza mwanawe yuko wapi, haombi sadaka. Anataka kazi ya sheria ifanywe.

La tatu ni hati ya mashtaka, chaji shiti. Hii huandikwa kesi inapokwenda kortini. Mshtakiwa ana haki ya kujua mashtaka yake kwa ukamilifu ili ajitetee.

La nne ni rekodi ya korti. Watu wengi hawajui kwamba hapa mlango uko wazi zaidi. Kesi husikizwa hadharani, isipokuwa pale sheria inapotaka faragha, kwa mfano kesi ya mtoto. Unaweza kuingia ukakaa ukasikiliza. Orodha ya kesi za siku hutolewa na Idara ya Mahakama, na hukumu nyingi za mahakama za juu zimechapishwa bure kwenye mtandao wa Kenya Law. Kama polisi wamekwambia, "Alishapelekwa korti," nenda masjala ya korti ya eneo hilo na jina kamili uulize kama kuna kesi iliyosajiliwa. Kama hakuna, umeshapata jibu lako. Uandike.

Lakini tuwe wa kweli. Hutafunguliwa OB nzima uipekue ukurasa kwa ukurasa, na hilo ni sawa. Ndani yake kuna dada aliyeripoti kubakwa. Kuna mtoto. Kuna mtu aliyetoa habari za wauza unga wa mtaani, na jina lake likitoka hatoiona kesho. Katiba inalinda faragha yao kama inavyolinda yako. Haki yako ni ya habari inayokuhusu wewe, inayomhusu ndugu yako aliyezuiliwa, na ile inayohusu umma kwa jumla. Nitaifikia hiyo ya mwisho.

Ukifika kaunta

Nenda na mwenzako, msiwe kundi. Mkienda ishirini mnapiga makelele, mmejitafutia kesi ya pili. Wawili wanatosha: mmoja anazungumza, mmoja anaandika. Bebeni kitambulisho, kalamu na daftari. Na adabu, jamani. Adabu haipunguzi haki.

"Habari ya kazi, afande. Sisi ni jamaa za fulani bin fulani. Tumeambiwa amekamatwa leo. Tunaomba kujua kama yuko hapa."

Akisema yuko, uliza haya kwa utaratibu:

1. Nambari ya OB ni ngapi?
2. Kitabu kinaonyesha alikamatwa tarehe gani, saa ngapi, na wapi?
3. Anashukiwa kosa gani?
4. Afisa aliyemkamata ni nani, na anayechunguza ni nani?
5. Atapelekwa korti gani, na lini?
6. Kama ni kosa la dhamana ya polisi, masharti yake ni yapi?

Yote yanaandikwa palepale, pamoja na jina la afisa aliyekujibu na saa aliyokujibu. Ukiambiwa utoe pesa ya dhamana, dai risiti. Pesa isiyo na risiti si dhamana, ni hongo, na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametuonya kuhusu mtoaji na mpokeaji wote wawili.

Akisema hayupo, usiondoke. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Sema hivi: "Sawa afande. Basi naomba kuandikisha ripoti ya mtu aliyepotea." Eleza alionekana wapi mara ya mwisho, saa ngapi, alivaa nini, gari lilikuwa la aina gani, nambari ya gari kama ilionekana, waliomchukua walivaaje, walijitambulisha vipi. Mwishoni dai nambari ya OB ya ripoti yako. Ukiambiwa ati rudi baada ya siku moja au mbili, jibu kwa upole kwamba hujui sheria inayomzuia mtu kuripoti mapema, na unaomba iandikwe sasa.

Ukishapata nambari hiyo, hali imebadilika. Jana ndugu yako alikuwa uvumi wa mtaani. Leo ni tukio lililoandikwa, na kuna afisa ambaye siku moja anaweza kuulizwa: uliandikiwa, ukafanya nini?

Akisema amehamishwa, swali ni moja: kituo gani, na saa ngapi ilivyoandikwa? Kumtoa mtu seli nako huandikwa. Nenda huko ulikotajiwa, uliza tena, andika tena. Ukizungushwa vituo vitatu, daftari lako litakuwa na vituo vitatu, saa tatu, na majibu matatu. Hicho ndicho wakili anachokihitaji.

Daftari lako ni OB yako

Mtaniuliza: "Na kama wao hawaandiki? Na kama wanaandika uongo?"

Swali la haki hilo. Tumeyaona. Juni 2025, mwalimu Albert Ojwang alikamatwa Homa Bay, akasafirishwa mpaka Nairobi, akafariki akiwa mikononi mwa polisi katika kituo cha Central. Maelezo ya kwanza ya polisi yalisema alijigonga kichwa ukutani. Madaktari walioupasua mwili wakakuta majeraha yasiyolingana na maelezo hayo. IPOA, ile mamlaka huru ya kusimamia utendaji wa polisi, ikaeleza kwamba kamera za kituo zilivurugwa. Maafisa wakashtakiwa kwa mauaji.

Kwa hiyo ndiyo, maandishi huharibiwa. Na ndiyo maana yanaharibiwa: kwa sababu yana nguvu. Hakuna anayehangaika kufuta kitu kisicho na maana. Dawa yake ni kuwa na maandishi yako pembeni, yenye saa, yenye mashahidi, yaliyotumwa kwa mtu mwingine siku hiyo hiyo ili asitokee wa kusema yametungwa baadaye.

Nirudi nyuma zaidi, kwa sababu jambo hili limetugusa sisi kwa namna yake. Januari na Februari 2007, watu waliokimbia vita Somalia walikamatwa hapa Kenya. Wakawekwa vituo mbalimbali, na zaidi ya 80 wakapandishwa ndege kurudishwa Somalia. Wengine wakaishia magereza ya Ethiopia. Walikuwemo wanawake na watoto. Mawakili na watetezi wa haki Waislamu walikwenda Mahakama Kuu kuomba waliozuiliwa waletwe mbele ya jaji, na baadhi yao wakati huo walikuwa wameshaondolewa nchini. Unajua nini kiliwafanya wajulikane ni kina nani? Karatasi. Orodha za abiria wa zile ndege. Majina yalipoonekana kwenye orodha, hakuna tena aliyeweza kusema watu hao hawakuwepo. Familia zikapata pa kuanzia.

Mwezi huo wa Februari 2007, Mkenya mmoja alikamatwa hapa Mombasa, akaishia mikononi mwa Wamarekani, akapelekwa Guantánamo. Alirudishwa nyumbani Desemba 2024. Karibu miaka 18, bila kufunguliwa mashtaka hata siku moja. Aliyeondoka kijana amerudi mtu mzima.

Na msidhani ni yetu peke yetu. Desemba hiyo hiyo ya 2024, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilisema imeorodhesha visa 82 vya utekaji tangu maandamano ya Juni mwaka huo. Vijana wa kila dini, wa kila kabila. Mawakili wakaingia Mahakama Kuu, jaji akatoa amri vijana waletwe, na mwanzoni mwa Januari 2025 kadhaa wakapatikana hai.

Ombi hilo linaitwa habeas corpus. Usitishwe na Kilatini chake. Maana yake ni: mleteni tumwone. Kifungu cha 51 cha Katiba kinampa aliyezuiliwa haki hiyo, na kifungu cha 25 kinaiweka katika haki ambazo haziwezi kupunguzwa na sheria yoyote. Si lazima mwenyewe aende kortini, kwani atakwendaje? Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu mwingine kwenda kwa niaba yake. Na jaji atakaposoma ombi lako, atatafuta nini? Nani alimwona mara ya mwisho, saa ngapi, mliuliza vituo gani, mkajibiwa nini na nani. Yaani atatafuta lile daftari.

Sheria ya 2016: barua moja, kwa Kiswahili

Sasa tufike kwenye habari za umma. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kisha mwaka 2016 Bunge likapitisha Sheria ya Upatikanaji wa Habari. Ni sheria nzuri, na tunaitumia kidogo mno. Yashike mambo haya:

Ombi huandikwa, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Asiyeweza kuandika, afisa anatakiwa amsaidie. Kuwasilisha ombi ni bure, unaweza tu kutozwa gharama za kutoa nakala. Huhitaji kueleza unataka habari hizo za nini, na afisa hawezi kukunyima kwa sababu anashuku nia yako. Jibu litoke ndani ya siku 21. Na shika hili: habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, ni ndani ya saa 48.

Kuna yanayozuiliwa. Usalama wa taifa, uchunguzi unaoweza kuharibika, maisha ya mtu kuhatarishwa, faragha ya mtu kuvunjwa bila sababu. Ni sawa. Lakini wakikataa, waseme kwa maandishi na watoe sababu. Ukitoridhika una siku 30 kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoijua kwa jina la Ombudsman. Kuficha au kuharibu rekodi kwa makusudi ili mtu asiipate ni kosa la jinai.

Kama mtaani kwenu misako imezidi, kila wikendi vijana wanazolewa maskani, Jumatatu wanaachiliwa na hakuna kesi, usiishie kulalamika kibarazani. Andika:

*Kwa Inspekta Jenerali, Huduma ya Kitaifa ya Polisi, kupitia Kamanda wa Polisi wa Kaunti.*

*Mimi ni raia wa Kenya. Chini ya kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba kupewa habari zifuatazo kuhusu kituo cha polisi cha (jina), kuanzia (tarehe) hadi (tarehe): idadi ya watu waliokamatwa kila mwezi, makosa waliyoshukiwa, idadi ya waliofikishwa mahakamani, idadi ya walioachiliwa bila mashtaka, na idadi ya walio chini ya miaka 18. Sihitaji jina la mtu yeyote.*

*Jina, nambari ya simu, sahihi, tarehe.*

Ni hayo tu. Kwa sababu hukuomba jina la mtu, kisingizio cha faragha hakina pa kukaa. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Tarehe ya muhuri ndiyo unayohesabia siku zako 21. Siku mtakapokwenda kukutana na kamanda au kamishna wa kaunti, mtakwenda na hesabu ya polisi wenyewe. Hapo hakuna wa kuwaambia mnazua.

Yaliyoandikwa vibaya husahihishwa

Kuna vijana hapa wanatafuta kazi Saudia, Qatar, Oman. Unaomba cheti cha polisi cha mwenendo mwema, alama za vidole zinapita DCI, na linatokea jambo la miaka mitano nyuma. Kesi ambayo uliachiliwa! Basi jua kwamba kifungu hicho hicho cha 35 kinampa kila mtu haki ya kutaka habari za uongo au za kupotosha zinazomdhuru zisahihishwe au zifutwe.

Lakini utasahihishiwa kwa ushahidi. Kwa hiyo ukiachiliwa na korti, furaha isikufanye ukaondoka mikono mitupu. Omba nakala ya uamuzi, iliyothibitishwa na korti. Iweke na cheti chako cha kuzaliwa. Itakuja siku utaihitaji.

Amana ya habari

La mwisho kabla sijamaliza. Ukishapata habari, umebeba amana. Usipige picha ukurasa wa OB wenye majina ya watu ukaurusha kwenye grupu. Usiandike "gaidi kakamatwa" wala "mwizi kakamatwa". Katiba inasema mshtakiwa hana hatia mpaka ithibitishwe, na Suratul Hujurat imetufunza kuihakiki habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua. Mtu akiachiliwa kesho, wewe utaifuta vipi picha iliyokwishafika simu elfu moja?

Na familia ikitaka habari zitangazwe, tangaza kwa maandishi yaliyo sahihi: jina kwa idhini yao, kituo, nambari ya OB, tarehe, saa. Ujumbe wa aina hiyo haupuuzwi. Ujumbe wa "inasemekana" unaweza kukuletea kesi wewe mwenyewe.

Basi wiki hii nawaomba mambo matatu. Kila maskani ichague wawili, watulivu wa maneno, ambao mtu akikamatwa wao ndio watakaokwenda kaunta. Kila mmoja wenu ahifadhi kwenye simu, na aandike kwenye karatasi pia, nambari ya wakili au ya shirika la haki lililo karibu, pamoja na IPOA. Simu yako ikichukuliwa nambari zote zimekwenda nayo. Na kila mtaa uandike barua moja, kama ile niliyowasomea.

Mkaeni na mama zenu pia muwaeleze. Mara nyingi ni mama anayefika kituoni wa kwanza, alfajiri, na kikapu cha chai na mkate. Afike na kalamu vilevile. Aulize nambari kabla hajaondoka.

Mwenyezi Mungu awarudishe salama waliopotezwa, azipe subira familia zao, na awajaalie wanaoshika kalamu za vituo waandike kwa uadilifu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.